Chura wa Mlima Mmoja

Thabit alipokipokea kikombe cha kahawa hakukipeleka mdomoni. Alikiweka juu ya mkeka, mbele ya goti lake, akakunja mikono na kunyamaza.

Kila aliyekuwemo sebuleni alijua maana yake. Mgeni asiyekunywa ana haja, na hatakunywa mpaka mwenye nyumba amwambie kuwa haja yake imekubaliwa. Mwenye nyumba anaweza kuuliza kwanza ni haja gani, lakini anayeuliza huonekana ana mkono wa birika, na Matrah ni mji mdogo. Marhoon kwa tabia yake alikuwa mtu wa kuuliza. Hakuwa akisema kitu mpaka akigeuze na kukitazama tumboni na mgongoni. Ila alasiri ile Aflah alikuwa amekaa ukutani akimwangalia, Rahila, shangazi yake Marhoon, alikuwa nyuma ya pazia akikohoa kikohozi cha kumhimiza, na haja yenyewe nyumba nzima ilikuwa inaijua.

"Kunywa, Thabit," akasema. "Umepata."

Thabit akanywa kwa funda moja, akakitikisa kikombe kuonyesha kuwa ametosheka, kisha ndipo akaitaja haja yake. Alimtaka Nasriya.

Nasriya alikuwa dada yake Marhoon, mjane wa Mahfoudh. Baba yao alifia Unguja, kwa hiyo Marhoon ndiye aliyekuwa walii wake, na bila ya ulimi wa Marhoon ndoa haifungiki. Nasriya mwenyewe alikwisha kuulizwa na shangazi, akajibu kwamba amechoka kulala na gogo limeegemezwa mlangoni. Kama huyo mtu ni mwema, basi na awe yeye. Aflah naye, ndugu wa marehemu tumbo moja, aliitwa kutoka Qantab alikokuwa akinunua samaki wa kukausha. Alikuja kwa miguu kupitia milimani, jambia kiunoni kama watu wa huko, akasema kwamba kaka yake hatarudi, na bora Nasriya aolewe na mtu aliyeyaona ya Kongo. Nasriya akilia, mumewe atajua analia nini.

Kwa maana Thabit naye alitoka Kongo. Alizaliwa Unguja kama wao, akaenda bara kijana, akawa na duka Kisangani. Yalipowaka maasi ya huko Kongo mwaka sitini na nne alikimbia, akazunguka miaka kabla ya kufika Maskati, na sasa alikuwa na kiduka cha vitambaa katika soko la Matrah. Alikuwa mpole, hapunji watu, akisali safu ya mbele. Mkono wake wa kulia ulikuwa na tabia ya kujificha ndani ya mkono wa kanzu.

"Nna zawadi yako, shemegi," akamwambia Marhoon baada ya dua. Akatoa kikapuni chupa ya mdomo mpana iliyofungwa kitambaa. Ndani yake, katika spiriti iliyogeuka rangi ya chai, walilala vyura wadogo, miguu imesokotana.

"Wengine huleta halua," akasema Aflah, na watu wakacheka.

Marhoon hakucheka. Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akashukuru, akaiweka nyuma yake taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Zamani, Uvira, kando ya ziwa huko Kongo, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikwenda kumsaidia ami yake dukani, akakutana na mtaalamu mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akitafuta watu wa kumkamatia vyura. Walichukuliwa wawili, yeye na Mahfoudh, rafiki yake wa chuo cha Kurani. Walijifunza kwa macho na kwa makosa. Walijua kwamba jina la kiumbe ni kama nasaba: huwezi kumpa mtu baba kwa kuwa sura zimelandana. Walijua pia kwamba chura asiyejulikana alikotoka ni nyama tu ndani ya chupa. Kwanza mahali, kisha jina.

Chura aliyewashughulisha zaidi alikuwa yule wa mtini, mdogo kuliko kidole gumba, wa juu katika misitu ya mlima wa Itombwe. Wataalamu walianza kwa kumtia katika ukoo wa vyura wa magharibi ya mbali, upande wa Kamerun. Baadaye akaja mwingine akayatazama maungo yake, akasema huyu si wao, akamjengea nyumba yake peke yake. Mahfoudh alifurahi sana kusikia hivyo. "Kama sisi," alisema. "Unguja twaitwa Wamanga, Waarabu wa kuja. Na huko Manga, nasikia, tukifika tutaitwa Wazinjibari, watu wa Unguja. Tujengewe nyumba yetu."

Lililobaki lilikuwa swali moja: chura yule anafika wapi? Kwa waliyoyaona wao, alikuwa akipatikana upande mmoja tu wa mlima, ule unaoelekea ziwa. Marhoon alisema hapatikani kwingine. Mahfoudh alisema yuko pia upande wa pili, ila hakuna aliyepanda kumtafuta. Walibishana miaka kwa kicheko, na Nasriya, ambaye ndiye aliyekuwa akiziosha chupa na kubadilisha spiriti, aliwaambia waoane wao kwa wao wamwache alale.

Mwaka sitini na nne Mahfoudh alipanda kulitafuta jibu. Wakati huo vita vilikuwa vinasemwa tu. Siku chache baadaye vikawa barabarani.

Marhoon ndiye aliyempata. Alipanda na wachukuzi waliokubali kwa shida, wakaikuta kambi imechomwa, sufuria imepasuliwa, mchukuzi mmoja amekufa uso ndani ya majivu, na Mahfoudh yuko chini ya mteremko amelala kifudifudi. Inzi walipanda kama moshi. Mapanga yalikuwa yamempita shingoni, mgongoni, mikononi alipokuwa akijikinga. Kidole kimoja kilikuwa kando yake kwenye majani. Wachukuzi walirudi nyuma kutapika. Marhoon alimwosha peke yake kwa maji ya mto, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kutazama, alitazama kila jeraha. Yote yalikuwa ya kina, ya watu waliozoea kukata. Moja tu halikuwa hivyo. Lilikuwa begani kushoto, fupi, halikufika mfupa, jeraha la mtu asiyejua kukata au asiyetaka. Hilo lilimkaa kichwani kuliko yale yaliyomuua. Hakumwambia mtu, hata Nasriya.

Alikuja Maskati na dada yake na sanduku la chupa. Nalo halikudumu. Mwaka wa pili mtoto wa jirani alikufa kwa homa, watu wakasema Mzinjibari wa pale ndani amefuga majini ndani ya chupa. Wengine wakasema si majini, ni ulevi, nuseni harufu. Waliingia baada ya sala ya Ijumaa wakavunja kila walichokifikia. Marhoon alijilaza juu ya sanduku wakampiga mateke ya mbavu, na mmoja akampasua nyusi kwa jiwe. Nasriya aliokoa chupa moja kwa kuificha ndani ya pipa la mchele. Ilikuwa ya mlimani.

Kwa hiyo asubuhi ya pili baada ya posa, jua lilipofika juu ya dari, Marhoon alipanda na chupa mbili, ile ya zamani na ile ya Thabit. Akatandika kitambaa cheupe, akatoa chura mmoja kutoka kila chupa, akawalaza chali na kuchukua kioo chake cha kukuzia.

Alitegemea kuona chura wa mtini wa kwenye misitu ya joto, ndiye anayejulikana huko Kisangani. Yule ana vidole vilivyotunishwa chini kwa vijimto vidogo vya kushikilia gome, utadhani amevaa glavu. Marhoon alifungua kiganja cha yule wa Thabit kwa ncha ya sindano. Vidole vilikuwa vyembamba, havina vijimto. Alitazama ngozi ya mgongo, pua, mkunjo wa nyuma ya jicho. Akamrudia yule wake wa zamani. Akamtoa wa pili wa Thabit, na wa tatu. Jasho lilimwingia machoni.

Wote walikuwa wa Itombwe.

Mtu mwingine angelishuka ngazi mbio. Marhoon alikaa pale mpaka kitambaa kikauka. Mtu huweza kununua chupa. Wakati wa vita vitu vinatembea kuliko watu; chupa ya mlimani ingeliweza kufika Kisangani katika mzigo wa askari, ikauzwa, ikanunuliwa na mwenye duka asiyejua ni nini. Kumwita mtu muuaji kwa sababu ya vidole vya chura ni jambo la kumwogopa Mungu. Alikwisha kuona watu wakihukumu kwa chupa. Nyusi yake ilikuwa shahidi.

Akaenda sokoni kumwuliza. Alinunua shuka asiyoihitaji, wakasema habari za bei na joto, kisha akamwuliza wale vyura wametoka wapi, kwani mtu wa kazi ile hapumui asipojua mahali.

Thabit alitabasamu. Akasema amewakamata mwenyewe kando ya mto Kisangani, kwenye mti nyuma ya bohari lake.

"Hukuuziwa?"

"Nani auze vyura, shemegi? Mwenyewe, kwa mkono huu."

"Nilidhani labda uliwahi kupita Itombwe."

"Itombwe?" Thabit alianza kukunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari. "Milima ile sijaiona hata kwa mbali."

Marhoon alirudi nyumbani na shuka yake kwapani. Uongo ulikuwa uongo, lakini hata uongo una sababu nyingi. Mtu anayeposa hujisifu, na aliyekimbia vita huficha njia alizopita. Akajiambia kwamba neno ameshalitoa juu ya kahawa, na neno halirudishwi kwa dhana.

Alipofika darini alimkuta Nasriya amechuchumaa mbele ya kitambaa cheupe, kioo kikiwa jichoni. Alikuwa amezitoa chupa mwenyewe. Hakugeuka.

"Huyu wa Mahfoudh," akasema.

"Huyu wa mlimani. Zaidi ya hapo sijui."

"Wewe hujui kila siku." Akamrudisha chura ndani ya chupa, akafunga kifuniko kwa nguvu mpaka kikalia. "Na huyo bwana anasema alikuwa wapi?"

Marhoon akamwambia. Nasriya aliitazama mikono yake, ikinuka spiriti kama ilivyokuwa ikinuka Uvira.

"Utanioza?"

"Nimempa neno, Nasriya."

"Sikukuuliza hivyo."

"Nitamwuliza tena," akasema Marhoon. "Humu ndani, akiwa ametulia. Nipe nafasi nimsikilize mpaka mwisho. Baada ya hapo sitakuzuia kusema unalotaka."

Nasriya aliitikia kwa kichwa. Ila asubuhi iliyofuata, Bakhita, mama aliyekuwa akileta samaki kutoka Qantab, alipokuja mlangoni na ungo wake, Nasriya alimnong'oneza maneno machache ya kumfikishia Aflah.

Thabit alikuja alasiri ya siku moja kabla ya ndoa, akidhani anaitwa kupanga habari za mahari. Marhoon alimkaribisha, wakakaa wawili tu. Nyuma ya pazia kulikuwa na mlio wa kinu: Nasriya alikuwa akitwanga kahawa kwa mchi wa chuma, pigo moja, kituo, pigo moja, na Thabit alitabasamu kwa kusikia kuwa ni yeye. Dele la kahawa likaletwa na shangazi. Thabit akanywa kikombe cha kwanza. Cha pili kikamiminwa kikakaa mbele yake, kinatoa moshi.

Marhoon aliiweka chupa baina yao.

"Nisamehe, mimi ni mtu wa kurudia maswali," akasema. "Nataka nimwandikie mtu wa Ulaya habari za hawa. Nieleze ulivyowakamata, polepole, kama unavyokumbuka."

Thabit akarudia habari za bohari na mti. Marhoon akauliza walikuwa juu ya tawi au ndani ya kitu. Ndani ya kisiki, akasema Thabit. Kisiki kilichooza. Marhoon akauliza aliwatoaje, na hapo mkono wa kulia ukatoka wenyewe ndani ya kanzu ukaanza kueleza: ulizama hivi mpaka kiwikoni, ndani mna majani laini yamerowa kama pamba, na chini yake maji. Macho ya Thabit yalikuwa yametulia juu ya chupa. Alikuwa hadanganyi tena, na hakujua.

"Baridi ile," akasema. "Vidole vilikufa ganzi. Mpaka nikavitia kwapani."

Kinu kilinyamaza.

"Kisangani," akasema Marhoon taratibu, "hakuna maji ya kutia ganzi vidole."

Thabit aliutazama mkono wake ulivyosimama hewani. Akaushusha. Nje mtu alipita na punda, kwato zikagonga mawe mpaka zikapotea. Alipoanza tena kusema sauti yake haikuwa ya kuposa.

Alisema kwamba duka lake liliteketea mapema, akakimbilia mashariki ili afike ziwani, akapotea milimani na njaa. Moshi wa kambi ndio uliomwita. Mahfoudh alimpa wali na nguo kavu, akamlaza ndani ya hema lake, na kwa kuwa alikuwa na furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta, alimchukua asubuhi kumwonyesha kile kisiki. "Tia mkono," alimwambia, "utakuwa mtu wa tatu duniani kumshika huyu." Waliwatoa pamoja. Mahfoudh alikuwa akicheka peke yake, akisema kuna shemegi yake Uvira atakayeomba radhi.

Waasi waliwakuta wakati wa kula. Waliuliza nani anafanya kazi ya wazungu. Hakuna aliyejibu. Wakaanza na mchukuzi mmoja, kijana aliyekuwa akipepea moto, wakampiga kisogoni kwa kitako cha bunduki mpaka uso ukaingia majivuni, na hakuinuka tena. Wakauliza mara ya pili.

"Nikanyoosha kidole," akasema Thabit. "Wakasema, kama wewe si mwenzake, anza wewe. Wakanipa panga. Nikampiga hapa." Alijigusa bega la kushoto. "Kidogo. Nilimpiga kidogo, Marhoon. Alinitazama. Baadaye wakamalizia wao, mmoja baada ya mmoja, na mimi nimesimama na panga lao mkononi. Mfuko wake nilikuwa nimeuvaa. Chupa ilikuwemo. Nimejaribu kuitupa ziwani, nimejaribu kuitupa baharini, nikashindwa. Nikasema nikikupa wewe itakuwa imerudi kwa wenyewe. Nikasema mkewe nitamtunza, nimpe maisha."

Jeraha fupi lilikuwa limepata mwenyewe. Na bado kichwa cha Marhoon kilikuwa kikipima: njaa, panga, uso ndani ya majivu. Angelifanya nini yeye? Hakuwahi kufika mwisho wa swali hilo, kwa sababu pazia lilichanika.

Nasriya hakupiga kelele. Alikuja na mchi wa chuma ameushika kwa mikono miwili, akaushusha juu ya kichwa cha Thabit kwa nguvu zote za miaka ile. Marhoon hakufikiri. Alijirusha baina yao na mkono wake ukapokea. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Pigo la pili lilimpata begani, la tatu likapita likaivunja sinia, vikombe vikatawanyika, na kimoja tu, kile cha Thabit, kikabaki wima.

"Ondoka," Nasriya akamwambia kaka yake. Alikuwa akihema.

"Yumo ndani ya nyumba yangu." Marhoon alikuwa amepiga magoti, mkono umening'inia, uso umekuwa mweupe. "Kahawa yangu imo tumboni mwake."

"Na wali wa Mahfoudh ulikuwemo tumboni mwake."

Marhoon hakuondoka, na Nasriya, ambaye angeliweza kumpiga tena, aliona mfupa umesukuma ngozi ya mkono wa kaka yake, akateremsha mchi. Ndipo wote wakaona kwamba mlango wa nje uko wazi na Aflah amesimama kwenye kizingiti. Alikuwa amesimama pale kwa muda, tangu bega lilipotajwa. Alikuwa amevua viatu kwa mazoea. Sasa aliinama akavivaa tena, kimoja kimoja, akachomoa jambia lake.

"Sitaingia," akamwambia Marhoon. "Nyumba yako naiheshimu. Mtoe."

"Simtoi."

"Basi nitamngoja. Njia ni ya Sultani, si yako."

Shangazi Rahila alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini nyuma ya pazia lililochanika. Thabit aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akakiona kikombe chake. Akakichukua kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya magoti ya Marhoon, akakunja mikono kama alivyofanya siku ya posa.

"Sinywi," akasema.

Marhoon alikitazama. Angeliweza kusema kunywa, umepata. Kahawa ilikuwa yake na nyumba ilikuwa yake. Sehemu ya moyo wake ilitaka kusema, na hakujua kama ni sehemu njema au dhaifu. Alikwisha kulitoa neno hilo mara moja kabla ya kujua anampa nani.

"Hii si yangu kuitoa," akasema mwisho. "Damu si yangu. Waulize wenyewe."

Thabit akakisogeza kikombe mpaka miguuni kwa Nasriya.

Nasriya aliinama akakiokota. Alikishika kwa kitambo, kama anayepima joto lake. Kisha akakimimina juu ya mkeka, taratibu, mpaka tone la mwisho, akakipindua.

Thabit aliinuka. Akaitengeneza kofia yake, akaelekea mlangoni. Marhoon alimwita kwa jina, naye akageuka, na usoni mwake kulikuwa na matumaini, mabaya kuyaona.

"Kile kisiki," akasema Marhoon. "Kilikuwa upande gani wa mlima?"

Thabit alifikiri. Ilionekana kwamba anataka kulijibu swali vizuri. "Upande wa jua linakotua," akasema. "Ziwa tulikuwa tumeliacha mgongoni. Kulikuwa na maporomoko madogo, na kisiki kiko chini yake."

Kisha akavuka kizingiti.

Marhoon aliona kila kitu, kwa sababu hakujua namna ya kutotazama. Aflah hakuwa mkataji. Alikuwa mchuuzi wa samaki aliyebeba jambia kwa heshima ya mavazi. Pigo lake la kwanza lilimpata Thabit begani, likawa fupi, halikufika popote. Wote wawili walisimama wakatazamana, kama watu waliokosea mlango. Thabit hakujikinga. Mkono wake wa kulia ulikuwa umerudi ndani ya kanzu. Aflah alitoa sauti kama ya mtu anayeinua mzigo, na pigo la pili likaingia chini ya mbavu mpaka kwenye mpini, na la tatu shingoni, na baada ya hapo alikuwa hapigi mtu tena, alikuwa akipiga tu, mpaka majirani wakamshika mikono na jambia likaanguka kwenye mawe. Damu ilifuata mtaro wa katikati ya njia. Mmoja wa waliomshika alikuwa yule aliyempasua Marhoon nyusi.

Askari walimchukua Aflah ngomeni kabla ya magharibi. Alikwenda bila ya kuburutwa. Kanzu yake ilikuwa imeganda kifuani, na njia nzima alikuwa akiuliza kama kuna mtu aliyewafunika samaki wake.

Mganga wa mifupa alimfunga Marhoon mkono kwa vibanzi vya mtende, akasema utapona kwa kupinda. Alipokwisha kuondoka, Nasriya alikuja na kitambaa cha kumning'inizia shingoni. Ukoko wa damu ya kaka yake ulikuwa bado umo kwenye kucha zake. Hakuomba msamaha, wala Marhoon hakuungoja.

"Ungeliniacha nimpige," akasema akifunga fundo, "Aflah asingekuwa huko aliko."

"Najua."

"Hilo unalijua."

"Hilo nalijua."

Akaivuta chupa ya Thabit kutoka mahali ilipobingirika, chini ya dirisha. Haikuvunjika. Aliifuta kwa upindo wa kanga, akaipandisha kwenye kishubaka cha ukutani karibu na ile ya zamani, akasimama akiziangalia zote mbili.

"Upande wa jua linakotua," akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Basi Mahfoudh alisema kweli."

"Alisema kweli," akasema Marhoon. "Mimi ndiye niliyekosea."

Nasriya alirudi sebuleni. Aliukunja mkeka uliomwagikiwa kahawa, akautoa nje kwa mlango wa nyuma ili asipite pale mbele, akaanza kuusugua.